Utabiri wa ziwa ufike mwaloni saa kumi jioni

Ndugu Mhariri,

Naandika kutoka Ukerewe. Nina mitumbwi miwili ya dagaa na vichanja vya kuanikia, na kabla ya hapo nilikuwa mchuuzi wa dagaa kwa ndoo hapa hapa mwaloni, ufukweni mitumbwi inapotua. Naomba nafasi nizungumzie jambo moja: utabiri wa Ziwa Victoria unasomwa wakati wavuvi wa dagaa wamekwisha ondoka.

Kwa asiyeijua kazi yetu, dagaa huvuliwa usiku, tena si kila usiku. Mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti, kwa hiyo vijana hupumzika na kushona nyavu. Giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, likiingia ndipo kazi huanza. Mitumbwi hutoka saa kumi na mbili jioni, inayokwenda mbali hutoka mapema zaidi, na taa zetu siku hizi ni za sola, karabai tumeziacha. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku inapokwisha na televisheni kutuonyesha upepo na mawimbi ya ziwa, wale waliopaswa kuyasikia hayo wako mbali majini, taa zimeshapangwa. Tunaotazama ni sisi tuliobaki nyumbani.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa nne, nilikuwa mmoja wa waliotazama. Alasiri ile mawingu yalikuwa yamepanda ng'ambo, nchi kavu ya Bunda na Majita, juu meupe kama pamba, chini meusi tii. Nahodha wangu alisimama karibu na kichanja akaniuliza, "Mama, unaonaje?" Nikamwambia jana pia yalikuwapo na hakikutokea kitu. Giza lilikuwa limebakiza siku tatu na nilikuwa na deni la injini. Wakaenda. Saa tisa usiku niliamshwa na mabati yakigongana. Asubuhi walirudi watatu, wameokolewa na mtumbwi mwingine, walikuwa wameng'ang'ania madumu matupu ya petroli. Wa nne, kijana wa miaka 22, tulimpata siku ya pili kwenye matete. Swali la nahodha nalisikia mpaka leo, maana aliniuliza mtu ambaye sikuwa na cha kumjibu zaidi ya haja zangu mwenyewe.

Baadaye nilielewa kwamba mawingu yale yalikuwa na maana. Mchana ardhi hupata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mvua za radi hujijenga huko. Usiku mambo hugeuka. Ardhi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, pepo za pande zote zinashuka na kukutana katikati ya maji, na wingu linanyanyuka pale pale walipo watu wetu. Ndiyo maana dhoruba kali za ziwa hili huja baada ya usiku wa manane hadi asubuhi. Wataalamu waliolifuatilia kwa picha za setilaiti wamebaini pia kwamba mvua kubwa za radi za alasiri kwenye nchi kavu inayolizunguka mara nyingi hutangulia dhoruba za usiku ziwani. Kwa maneno mengine, dalili inaonekana kabla mtumbwi haujasukumwa majini. Utabiri wa asubuhi umetoka mapema mno, wa saa mbili usiku umechelewa. Saa yetu ni saa kumi jioni.

Siwalaumu watabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa ziwa, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisimamia mradi mzima, ulioanza 2017, wa kuboresha tahadhari kwa wavuvi na wasafiri wa ziwa hili. Kazi ya kisayansi imefanyika. Kilichobaki ni hatua mia mbili za mwisho, kutoka kwenye simu ya mtu fulani hadi kwenye mchanga wa mwalo.

Ninachoomba ni hiki. Kila siku ya giza, saa kumi jioni, ujumbe mfupi uende kwa kiongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wa kila mwalo, naye apandishe bendera kwenye mlingoti mrefu: nyekundu, hakuna kutoka, njano, msivuke visiwa vya karibu. Asiyejua kusoma ataiona. Abiria wa mitumbwi ya kuvuka ataiona, na mama mwenye watoto wanaoogelea gatini ataiona pia.

Na ujumbe usemwe kwa kipimo cha mtumbwi. Ikitangazwa "mawimbi ya mita moja", baharia wa meli anaona ni jambo dogo. Mtumbwi wangu ukishapakia dagaa na wavu uliolowa, ukingo wake unabaki kama dhiraa moja juu ya maji. Mita moja ni kama mara mbili ya ukingo huo. Ziwa letu tena halina kina kirefu, penye kina zaidi hapafiki mita 100, na mawimbi yake huwa mafupi, yamesimama, yanafuatana bila kumpa mtu nafasi ya kukumba maji.

Wapo watakaosema wavuvi hawasikii. Wengine ni kweli. Lakini tuseme na sisi matajiri wa mitumbwi tunavyofanya. Kijana asipotoka, hana mgao, na chakula alichokula kambini kinaandikwa deni. Siku za giza zinahesabika. Ukimwekea mtu hesabu hiyo, atakwenda hata akiliona wingu. Kwangu nimeiondoa: usiku ambao hatutoki kwa sababu ya hali ya hewa, chakula ni juu yangu, na hakuna anayeulizwa. Nawaomba wenzangu wafanye hivyo, na BMU ziliandike kwenye sheria zao ndogo.

MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, na MV Nyerere Septemba 20, 2018 pale Ukara, nchi nzima ililia pamoja nasi. Mtumbwi wa watu wanne ukipinduka hausomwi popote. Na ndege ilipotumbukia ziwani Bukoba Novemba 6, 2022, asubuhi ya mvua na upepo, waliotangulia kuifikia ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu hao wanastahili kuambiwa mapema usiku wao utakuwaje.

Giza linaanza tena wiki ijayo. Nimenunua kitambaa chekundu, mita mbili, na vijana wamesimamisha mlingoti wa mwanzi karibu na vichanja. Tunaye mtu wa kupandisha bendera. Tunamsubiri wa kutupigia simu saa kumi jioni.

Mwenye mitumbwi ya dagaa,
Ukerewe, Mwanza