Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchumi wa Buluu na Uvuvi: Tuvikague vyombo vya mbali kabla havijatia nanga

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Yah: Kome wageni na vyombo vinavyotoka mbali

Mimi ni fundi wa vyombo, Mkoani, Pemba. Kazi yangu iko chini ya chombo: kukalafati, kukwangua, kupaka deheni, ile ya mafuta na chokaa, kwa wanaoitaka bado na rangi ya dukani kwa wengine. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe lina ofisi tatu au nne zinazoweza kulishika, na jambo la aina hiyo mara nyingi hubaki halina mwenyewe.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 1988, katika Ziwa St. Clair lililo mpakani mwa Marekani na Kanada, walionekana kome wadogo wenye milia ambao asili yao ni pande za Bahari Nyeusi na Kaspi. Waliletwa na meli, ndani ya maji ya farumi, yale ambayo meli isiyo na shehena hujaza tumboni ili isiyumbe, kisha huyamwaga inapofika kupakia. Jike mmoja anaweza kutoa mayai hata milioni kwa msimu. Vitoto vyake ni vidogo mno, ndoo ikijaa navyo utaapa kuwa ni maji matupu. Mwaka uliofuata mji wa Monroe, jimbo la Michigan, ulikatikiwa na maji ya mfereji, na kome hao walikuwa miongoni mwa vilivyoziba bomba la kuvutia maji ziwani.

Hapo ukaanza ugomvi ambao haujaisha mpaka leo. Kule watu hufunga boti nyuma ya gari na kuzihamisha kutoka ziwa hili hadi jengine, basi serikali zikaweka wakaguzi, pampu za maji ya moto ya nyuzi 60, waya za kufungia boti iliyokwisha kukaguliwa, na ada. Wenye boti wakasema: sisi hatukuwaleta, mbona tunalipa sisi? Oktoba 2024 yakajirudia. Kome wengine, wa dhahabu, wenye asili ya Asia, wakakutwa bandari ya Stockton, California, ambako meli za baharini hupanda mto hadi ndani ya nchi. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana Amerika ya Kaskazini. Haikupita miezi mingi, baadhi ya maziwa yakataka boti ikae siku 30 bila kugusa maji kabla ya kuingia. Meli iliyowaleta ilikwishaondoka zamani. Aliyesimamishwa barabarani ni mtu na boti yake ya kuvulia Jumapili.

Mimi naona pande zote mbili zina haki. Wenye boti ni kweli hawakuwaleta. Wakaguzi nao ni kweli kwamba kome akishaingia, anayemsambaza ni chombo kidogo. Kosa lilifanyika mlango wa kwanza, na waliobaki wanagombana wao kwa wao.

Sisi hatuna maziwa ya kuwaogopea hao. Lakini wapo wa bahari. Kuna kome mmoja wa milia myeusi, asili yake pwani za joto za Amerika, urefu wake hauzidi sana sentimita 2 na nusu. Anaishi katika maji ya chumvi, anaishi katika maji ya mchanganyiko wa mito, na joto kama letu halimsumbui. Hukomaa ndani ya mwezi mmoja hivi. Alionekana Visakhapatnam, India, mwaka 1967, na baadaye Singapore na Hong Kong. Hizo zote ni njia za meli zinazokuja upande wetu.

Machi 1999 wapiga mbizi waliokuwa wakikagua bandari ndogo za mashua za Darwin, kaskazini ya Australia, walimkuta Cullen Bay. Miezi sita nyuma walikagua hapo hapo na hakuwepo. Sasa alikuwa amefunika nguzo, kamba na matumbo ya boti, kwa maelfu katika kila mita ya mraba. Serikali ya jimbo haikuunda kamati ya kutazama suala hilo. Ilifunga bandari ndogo tatu pamoja na boti zote zilizokuwamo, ikazisaka zilizokwishaondoka, ikamwaga klorini na kopa salfeti ndani ya maji mpaka kila kiumbe humo kikafa, kome na wasio kome. Ziliwatoka zaidi ya dola milioni 2 za Australia, na kome akamalizika. Ni mara chache sana duniani mnyama wa bahari aliyekwisha kuota mahali kung'olewa namna hiyo.

Mheshimiwa, wakubwa wanaposimuliwa habari hii huipenda, kwa kuwa inatia moyo. Mimi ilinitia hofu. Darwin waliweza kwa sababu moja: bandari zao zilikuwa na milango. Maji ya kule hupanda na kushuka hadi kama mita 8, kwa hivyo mashua hukaa ndani ya vidimbwi vyenye milango ya kuzuia maji yasikimbie. Walifunga milango, wakawa na dimbwi la kutia dawa. Hebu tutazame kwetu. Malindi ya Unguja iko wazi, Mkoani iko wazi, Wete na Wesha ziko wazi. Bamvua ikija, mita 4 za maji zinaingia na kutoka kila siku, zinapita kisiwa cha Misali, zinapita kwenye mikoko, zinapita juu ya mashamba ya mwani. Hakuna klorini ya kumwaga katika mkondo wa Pemba, na hata ingekuwepo nisingeomba imwagwe. Kwetu kome huyo akishashika nguzo ya gati, ni wetu.

Hapa wanawake wa Bweleo wanafuga chaza wa lulu kwa vikapu vinavyoning'inia majini. Fumba kuna kinamama walioyafunga wenyewe baadhi ya maeneo ya kuokotea kombe na chaza ili wapumzike wakue. Kome mgeni hushika pale pale, juu ya kikapu, juu ya chaza mwenyewe. Kamba ya mwani pia ni mahali pazuri pa kuota, na wakulima wa mwani wameshachoshwa na joto la maji na maradhi yaliyoiuwa aina ya mwani iitwayo cottonii katika vina vifupi. Mabomba ya mahoteli yanayovuta maji ya bahari nisiyataje sana, wenyewe wana uwezo wa kulia kwa sauti.

Nimeshaambiwa hapa hapa dikoni kwamba hata mwani ni mgeni. Ni kweli. Aina tunazolima kibiashara zilitoka Ufilipino na kilimo chake kikashika mwaka 1989. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwani tulimpa, akalima, akasomesha watoto. Lakini mwani tuliuleta kwa kuamua, tukijua tunautia wapi. Kama ni mgeni wa kufananisha na kome, namtaja kunguru. Waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu iliyoonekana nzuri wakati huo, kula taka. Miaka ya 1990 ilipigwa kampeni ya sumu wakapungua sana mjini, ilipolegea wakarudi. Na kunguru unamwona kwa macho, yuko juu ya bati.

Sasa nije kwenye fitina yenyewe. Jambo hili likitajwa mbele ya wavuvi, la kwanza kuulizwa ni: ada kiasi gani? Siwalaumu. Wamezoea kwamba neno ukaguzi likisafiri kutoka ofisini hadi dikoni, hufika likiwa limegeuka risiti. Nami nasema wazi kuwa ngalawa si pa kuanzia. Ngalawa hukaa mchangani maji yakipwa, jua linaipiga, kilichoota kinakauka. Majahazi nayo tangu zamani hukwezwa, huchomwa moto wa makuti chini, hukwanguliwa, hupakwa deheni. Wazee hawakujua habari za kome wa Amerika. Walijua kwamba chombo chenye uchafu chini hakiendi.

Wa kuanza naye ni yule aliyekaa miezi ametia nanga bandari ya mbali, kisha akaja: mashua za kitalii zinazozunguka dunia, tishari za ujenzi, meli za kuchimba kina. Hizo za ujenzi ndizo zinazonitisha zaidi, kwa sababu huenda polepole, husimama muda mrefu, na hakuna anayezitazama kama msafiri. Mangapwani imepangwa kuwa bandari kubwa. Zitakuja nyingi.

Sitaki tuandike sheria mpya kwanza. Mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi unafanya kazi tangu Septemba 2017, na miongozo ya Shirika la Bahari Duniani kuhusu uchafu unaoota chini ya meli ipo tangu 2011, ikarekebishwa 2023. Meli kubwa zina daftari la kuonyesha lini zilisafishwa na maji ya farumi yalibadilishwa wapi. Nahodha aombwe daftari hilo kabla hajapewa ruhusa ya kuingia, wakati bado yuko nje. Mashua ya kitalii ambayo haina daftari itazamwe chini na mpiga mbizi. Darwin mpaka leo hawafungui mlango kwa mashua ya kigeni bila ya kukaguliwa. Gharama iwe juu ya anayetoka mbali, na iandikwe katika mkataba wa kila tishari la ujenzi kabla halijaondoka lilikotoka.

La pili ni kukwangua chombo kikiwa majini. Naona mashua zimetia nanga, mtu kazama na kikwangulio, takataka zinaelea na mkondo. Hili lipigwe marufuku, kwa wageni na kwetu sisi. Na hapa ndipo chombo kidogo nacho kina wajibu, kwa sababu ikitokea kome ameshika Malindi, wa kumfikisha Wete si meli ya Singapore, ni boti zetu za fibaglasi zinazoelea mwaka mzima bila kukwezwa. Badala ya kuwatoza wenye boti, tupeni chelezo moja Unguja na moja Pemba, ya kupandishia kwa bei ndogo, yenye shimo la kufukia kilichokwanguliwa mbali na maji. Mtu atakuja mwenyewe, kwani boti safi hula mafuta kidogo.

La tatu, tujue tulicho nacho. Mamlaka ya Usafiri Baharini wana vyombo, Shirika la Bandari wana magati, ZAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Zanzibar, na Taasisi ya Sayansi za Bahari wana wataalamu. Naomba utaje kwa jina ofisi moja kati ya hizo iwe na mamlaka ya kumwambia nahodha "usiingie". Mpaka hapo, kazi ya kutazama inaweza kuanza kwa vibao: vipande vya mbao na plastiki vinavyofungwa kwa kamba gatini, vinatolewa kila baada ya mwezi na mtu anayejua kome wetu na kome wa watu. Darwin wanavitumia. Vibao mafundi wa Mkoani tutavichonga wenyewe, hatuombi fedha. Tunaomba ruhusa ya maandishi ya kuvifunga katika gati ya Mkoani, Wete na Malindi, na mtu wa kuja kuvisoma kabla kaskazi haijaanza.

Wako mtiifu,
Fundi wa vyombo,
Mkoani, Pemba