Msimu wa Sewanee wa 1899 usisimuliwe bila miguu ya Simkins

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nizungumzie makala ya michezo ya wiki iliyopita, ile iliyowasifu vijana wa chuo cha Sewanee, Tennessee, Marekani, kwa msimu wao wa 1899. Makala ni nzuri na matokeo yaliyotajwa ni sahihi. Shida yangu ni kwamba mwandishi aliwaacha wale vijana palepale shangwe zilipoishia, na msomaji akabaki akidhani walirudi nyumbani wazima.

Kwa asiyeisoma, ule si mpira wetu wa miguu. Ni mpira wa Kimarekani, wa kukimbia na mpira kwapani huku wenzako wakikufungulia njia na wapinzani wakikuangusha. Sewanee ni chuo kidogo cha Kanisa la Kiepiskopali, juu kwenye miinuko ya Cumberland. Mwaka ule walicheza mechi 12 wakashinda zote. Walipata pointi 322 na kufungwa 10 tu, zote na chuo cha Auburn, katika mechi iliyoisha 11 kwa 10.

Kilichowapa jina ni safari ya Novemba. Walipanda treni, mwendo wa kilomita kama 4,000 kwenda na kurudi. Alhamisi tarehe 9 waliifunga timu ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, 12 kwa 0. Ijumaa wakaifunga Texas A&M mjini Houston, 10 kwa 0. Jumamosi ilikuwa zamu ya chuo cha Tulane, mjini New Orleans, 23 kwa 0. Jumapili wakapumzika. Jumatatu LSU, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ikala 34 kwa 0 pale Baton Rouge, na Jumanne wakamaliza na Chuo Kikuu cha Mississippi mjini Memphis, 12 kwa 0. Mechi tano ndani ya siku sita, na hakuna aliyewafunga hata pointi moja.

Sasa, nani alipanga ratiba ya namna hiyo? Meneja wa timu, Luke Lea, naye akiwa mwanafunzi, aliyekuja kuwa seneta baadaye. Sewanee na chuo cha Vanderbilt walikuwa wamegombana juu ya mgawo wa fedha za viingilio, ikakosekana mechi iliyokuwa ikiingiza fedha kuliko zote. Pengo lilibidi lizibwe. Simlaumu Lea, fedha ilitakiwa. Lakini tuseme wazi kwamba waliolipa deni lile ni wachezaji, kwa magoti na mabega yao.

Na mchezo wenyewe siku zile ulikuwaje? Kurusha mpira mbele kulikuwa hakuruhusiwi. Timu ilikuwa na majaribio matatu ya kusogea yadi 5, yaani mita nne na nusu hivi, kwa hiyo njia iliyobaki ni kukusanyana kama siafu na kupasua katikati ya wapinzani. Wale wale 11 walishambulia na kulinda. Ukitoka uwanjani, huruhusiwi kurudi. Kofia ngumu hakuna. Nahodha Henry Seibels alipasuka kichwani katika mechi ya Texas na akaendelea kucheza, na mechi nne zilikuwa bado mbele yake.

Nimefundisha michezo shuleni miaka 29, na mchezaji ninayemfikiria zaidi hapo ni Ormond Simkins. Ndiye aliyepewa mpira pale palipohitajika nguvu, na ndiye aliyekuwa akiupiga kwa mguu kuwarudisha wapinzani nyuma. Majeraha ya mpira yalimwandama mpaka akakatwa miguu yote miwili, na akafa angali mtu mzima wa makamo. Makala yenu ilimtaja mara moja, kwenye orodha ya majina, halafu basi.

Nalisema hili nikiwa na sababu yangu. Nikiwa kidato cha tatu tulicheza mechi nne kwa siku tano katika mashindano ya shule. Baada ya mechi ya pili goti langu la kulia lilikuwa limevimba kama papai. Mwalimu wetu, mtu mwema aliyetupenda kweli, alilikanda kwa maji ya moto na chumvi, akalifunga kwa kipande cha kanga, akanipiga begani, "Kaza, mwanangu, fainali ni kesho." Nikakaza. Tukachukua kombe, nikabebwa juujuu. Leo hii siwezi kuchuchumaa, na nikisali nakaa kwenye kiti. Siku ile hakuna aliyeniona mjinga, wala mimi sikujiona.

Marekani ilichukua muda kusikia. Mwaka 1905 waliripotiwa kufa wachezaji wasiopungua 18 katika msimu mmoja, na Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton. Mwaka uliofuata kanuni zikabadilishwa: ruhusa ya kurusha mpira mbele ikatolewa, na yadi 5 zikawa 10, ili ule msongamano wa kuvunjana mifupa upungue.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ni sehemu ya pili ya makala ile. Mwandishi wako ana kalamu nzuri. Amwandike Simkins kama alivyoiandika ile treni, na aandike jinsi kanuni za 1906 zilivyopatikana. Makala kama zile hukatwa na kubandikwa kwenye mbao za matangazo shuleni. Nami nilikuwa nikizibandika. Mashindano ya shule yanakaribia, na kuna mtoto mwenye goti lililovimba atasimama mbele ya ubao huo akisoma.

Mwalimu mstaafu wa michezo,
Morogoro