Salamu za Mkesha wa Watakatifu Wote kwa Wazazi Walioko Ughaibuni

Ndugu, jamaa na marafiki mlioko Marekani na Kanada, salamu nyingi ziwafikie popote mlipo. Kwa neema ya Mungu tumeifikia tena tarehe 31 Oktoba, mkesha ambao huku huitwa Halloween, watoto wakivaa nguo za kujigeuza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi.

Miaka hii haijawa myepesi. Desemba 2024 tani ya kakao ilivuka dola 12,000 kule New York, baada ya hali ya hewa na magonjwa kuharibu mavuno ya Ghana na Ivory Coast, na chokoleti za kuwagawia watoto wa majirani zikawa mzigo. Zaidi ya hayo, wengi wetu tumezika kwa simu. Mama yangu nami nilimsindikiza hivyo hivyo, kwenye kioo kidogo, saa nane za usiku wa huku.

Mnaotaka kuanza desturi hii nyumbani na watoto wadogo, anzeni na boga, ambalo huchongwa uso na kuwekwa taa ndani. Nunueni mawili: kubwa la kuchonga, na dogo tamu la kupika kwa nazi na iliki, maana lile kubwa lina nyuzi na maji mengi, halikolei. Lichongeni siku mbili tatu kabla. Boga lililotobolewa huoza upesi, hasa kukiwa na joto. Mfuniko ukatwe kwa mshazari, ncha ya kisu ikielekea ndani, la sivyo utatumbukia. Kwangueni upande wa uso hadi ubaki unene wa kama sentimita 2 na nusu. Mtoto wa miaka mitatu achore macho kwa maka peni na achote mbegu kwa kijiko; kisu ni cha mkubwa. Kisha pangusa ndani kwa maji yenye jiki, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, ili kuchelewesha ukungu. Wekeni taa ya betri. Mshumaa wa moto na nguo za nailoni ni hatari tupu.

Mbegu zioshwe, zichemke dakika 10 kwenye maji ya chumvi, zikaushwe kwa kitambaa, ndipo ziingie oveni ya nyuzi joto 180 za Selsiasi kwa dakika 15 hadi 20. Zikiingia na maji, zitakuwa ngumu kutafunika.

Kinyago huziba macho. Afadhali rangi usoni. Nguo iishie juu ya kifundo cha mguu na iwe pana, ivaliwe juu ya koti. Mkikuta taa ya kibarazani imezimwa, msibishe hodi; nendeni nyumba inayofuata. Walio chini ya miaka minne wasipewe pipi ngumu wala karanga, wasije wakapaliwa.

Dini ya mtu ikimkataza, tumheshimu. Lakini wahamiaji kutoka Ayalandi nao walifika huku na desturi ya kuchonga tanipu, mboga ya mviringo ya ardhini, wakakuta maboga, wakaendelea nayo. Nasi tuongeze ya kwetu. Kabla ya kutoka mlangoni, kaeni mlizunguke boga, mzime taa za nyumba, na kila mmoja ataje marehemu wake kwa jina, maana tarehe 2 Novemba ni siku yao. Wazazi wenzangu, mtoto asiyetajiwa jina la bibi yake atalijulia wapi? Tusiwape watoto pipi peke yake tukawanyima ukoo. Tuwataje, tuwaombee, tuwafundishe watoto kuwaombea.

Tunawatakia heri, afya, amani na baraka tele, ninyi na watoto wenu. Mungu awarehemu marehemu wetu wote. Amina.