Kaunti itenge fedha za maziwa ya njiti

Mhariri,

Kila suala la benki ya maziwa ya mama, yaani mahali pa kupima na kuhifadhi maziwa ya akina mama wanaochangia watoto wa wengine, linapozuka hapa Pwani, nasikia hoja mbili. Wa kwanza atasema maziwa ya mama ni ya bure, kwa hivyo bajeti ya nini? Wa pili atasema maziwa ya kopo yamejaa madukani, kwa hivyo tuhangaike na maziwa ya mwanamke tusiyemjua kwa nini? Mimi ni muuguzi wa kitengo cha watoto wachanga. Naomba nafasi gazetini mwako nieleze kwa nini hoja hizi zote mbili zinawaumiza watoto wadogo kuliko wote tulio nao.

Nianze na mtoto mwenyewe, maana mjadala huu ukimsahau hugeuka siasa. Njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, wa kilo moja na nusu, akishazoea kulishwa, anahitaji takriban mililita 240 za maziwa kwa siku nzima. Hiyo haijai hata chupa ndogo ya soda. Lakini mama yake mara nyingi amefanyiwa upasuaji kwa sababu ya presha ya mimba, bado hajitambui vizuri, na matiti hayajaanza kutoa. Tunamwendea kitandani na sindano isiyo na ncha, tunamkamua taratibu, tone baada ya tone. Kuna siku tunaondoka na mililita mbili, kuna siku tunaondoka mikono mitupu. Mtoto yuko chumba cha pili na mrija puani, anangoja.

Katika benchi la kukamulia, wakati huohuo, ameketi mama ambaye maziwa yanamchuruzika. Amejaza kikombe, mtoto wake amepewa kiasi chake, na kilichobaki kinamwagwa kwenye sinki. Haturuhusiwi kumpa mtoto wa jirani maziwa ambayo hayajapimwa, na ni sawa tusiruhusiwe. Virusi vya ukimwi na vya homa ya ini havionekani kwa macho. Kinachokosekana hapo si maziwa wala moyo wa kutoa. Kinachokosekana ni mtambo wa kuyapasha joto kwa kipimo, jokofu, maabara na mtu wa kuandika.

Kwa hivyo daktari anaandika kopo. Wengi wa watoto hao hukua salama, na nisingependa mama yeyote anayesoma barua hii aone kwamba alimdhuru mwanawe. Ila kuna ugonjwa wa utumbo ambao kitengoni tunauita NEC. Huanza kimyakimya: tumbo linavimba na kung'aa, mrija unarudisha majimaji ya kijani, kisha damu kwenye nepi. Utumbo unaanza kufa mtoto angali hai. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa watafiti wa Cochrane ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa njiti wanaolishwa maziwa ya kopo huupata ugonjwa huu karibu mara mbili ya wanaopewa maziwa ya mchango ya mama mwingine. Mapitio hayohayo yalisema wa kopo huongezeka uzito haraka zaidi, na hilo nalo ni kweli, tunaliona kwenye mizani. Lakini gramu zinaweza kungojewa. Utumbo uliooza haungoji. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoto wa uzito mdogo unapanga hivi: kwanza maziwa ya mama mzazi, yakikosekana maziwa ya mchango yaliyotayarishwa kwa usalama, kisha ndipo maziwa ya kopo.

Sasa tuzungumze pesa, maana hapo ndipo wengi hujichanganya.

Maziwa ya kopo yana bei iliyobandikwa, na bei hiyo huwafanya watu waamini kwamba wameona gharama yote. Kopo la gramu 400 halimalizi wiki kwa mtoto mchanga wa kawaida. Siku hizi linapita shilingi elfu moja, na baba anayelipwa kwa kibarua cha siku analinunua mara moja, mara mbili, kisha anaanza kuhesabu vijiko. Vijiko vinapunguzwa ili kopo lifike Ijumaa. Kisha kuna maji. Unga huo hautoki kiwandani ukiwa hauna vijidudu kabisa, ndiyo sababu unatakiwa kukorogwa kwa maji yasiyopungua nyuzi 70 za joto. Katika mitaa yetu maji huletwa kwa mkokoteni ndani ya mitungi, na makaa au gesi ya kuyachemsha usiku wa manane ni pesa nyingine. Mtoto akipata kuhara, kuna nauli ya tuktuk, kuna dripu, kuna siku za kazi alizokosa mama. Mtoto wa NEC naye anahitaji antibiotiki za wiki nzima au zaidi, pengine upasuaji, na kitanda ambacho angekuwa amekiacha kwa mwenzake. Hakuna risiti ya kopo inayoonyesha hayo.

Maziwa ya mchango nayo si ya bure, na sisi tunaoyapigia debe tukiwaambia watu ni ya bure tunawadanganya. Benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya ilifunguliwa mwaka 2019 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi. Mchangiaji halipwi. Lakini kabla ya tone moja kufika kwa mtoto, mama huyo anahojiwa na kupimwa damu. Maziwa yake yanapashwa joto la nyuzi 62.5 kwa dakika 30, yanapozwa haraka, sampuli inapelekwa maabara kuoteshwa, na yanayofaulu hugandishwa hadi yatakapohitajika. Joto hilo huua virusi vya ukimwi. Huondoa pia sehemu ya kinga iliyomo, na ndiyo maana maziwa ya mchango hayafikii yale mabichi ya mama mzazi. Kila hatua ina gharama: vitendanishi vya maabara, umeme usiokatika, mshahara wa mhudumu. Huko Marekani, benki zisizo za faida hutoza hospitali dola kadhaa kwa kila mililita 30 ili kulipia kazi hiyohiyo tu.

Gharama hiyo inabebeka kwa sababu hatusemi kila mtoto wa kaunti anywe maziwa ya benki. Mtoto wa miezi mitatu mwenye afya, ambaye mama yake amefariki au hawezi kumnyonyesha, atalelewa kwa kopo, na familia yake inastahili kusaidiwa kulinunua na kufundishwa kulikoroga. Maziwa ya mchango ni dawa ya wachache, kwa siku chache, mpaka ya mama mzazi yaingie. Mama mmoja akitoa nusu lita, njiti wa kilo moja na nusu amelishwa siku mbili.

Brazil wameifanya kazi hii tangu mwaka 1943, benki yao ya kwanza ilipofunguliwa Rio de Janeiro. Leo wana zaidi ya benki 200, mtandao mkubwa kuliko wote duniani. Maziwa yanahifadhiwa katika mitungi ya kioo yenye vifuniko vya plastiki iliyotoka majikoni mwa watu na kuchemshwa, na katika baadhi ya miji wazima moto ndio wanaopita nyumbani kwa akina mama kuikusanya. Durban, Afrika Kusini, shirika la afya la PATH na wenzake walijaribu njia ya kupasha maziwa moto huku joto likisomwa kupitia simu ya mkononi. Nataja hayo kwa yule atakayesema hili ni jambo la matajiri.

Tukianza, tusifungue soko. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walieleza walichokipata baada ya kununua sampuli 102 za maziwa ya mama yaliyouzwa mtandaoni: sampuli 10 zilikuwa zimeongezwa maziwa ya ng'ombe kwa kiasi cha kutosha kuonyesha kwamba hayakuingia kwa bahati mbaya. Mwaka 2017 serikali ya Kambodia ililazimika kupiga marufuku usafirishaji wa maziwa ya wanawake wake, yaliyokuwa yakikamuliwa kwa malipo na kupelekwa Marekani. Najua jinsi njaa ilivyo katika baadhi ya nyumba zetu. Siku maziwa yatakapokuwa na bei, mtoto wa muuzaji ndiye atakayenyimwa kwanza. Mchangiaji arudishiwe nauli, apewe chakula akiwa hospitalini, basi.

Limebaki suala ambalo Nairobi wanaweza kulipita haraka, lakini sisi wa Pwani hatuwezi. Kwa Waislamu, mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke anakuwa mwanawe wa ziwa, na watoto wa mwanamke huyo wanakuwa ndugu zake, hawaoani. Aya ya 23 ya Suratun-Nisaa iko wazi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, undugu huo unathibiti kwa manyonyesho matano kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili, na maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo yanahesabika. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao Jeddah lilikataa benki za maziwa katika nchi za Kiislamu, likihofia nasaba kuchanganyika. Hofu hiyo ni ya haki. Mama akiniuliza, "Sista, na akija akaoa dada yake?" sina ruhusa ya kumcheka wala kumharakisha.

Lakini njia ipo. Singapore, ambako Waislamu wengi pia ni Mashafi, baraza lao la fatwa liliruhusu njiti wa Kiislamu kutumia maziwa ya benki iliyofunguliwa mwaka 2017 katika hospitali ya KK. Sisi tunaweza kwenda na tahadhari zaidi: maziwa ya mchangiaji mmoja yasichanganywe na ya mwingine, kila chupa ibebe namba yake, na familia mbili zijuane na kupewa hati inayomtaja nani alinyonyesha nani. Wazee wetu walikuwa wakifanya hivyo bila karatasi. Shangazi akimnyonyesha mtoto wa nduguye, mtaa mzima ulijua na ulikumbuka siku ya posa.

Kwa hivyo ombi langu kwa kaunti za Pwani ni hili. Vikao vya wananchi kuhusu bajeti vitakapoitishwa, idara ya afya ya kaunti ije na makadirio ya mtambo mmoja wa kupasha maziwa, majokofu mawili ya kugandishia yenye jenereta, vipimo vya wachangiaji, na mishahara ya wahudumu wawili. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iyaandike maziwa ya mchango waziwazi miongoni mwa huduma za njiti zinazolipiwa. Na kabla ya tofali la kwanza, Kadhi, maimamu, maaskofu na wakunga waketi na sisi wauguzi wakubaliane juu ya daftari: litaandikwa nini, litatunzwa na nani, na kijana wa miaka ishirini na mitano atalifungua kwa utaratibu gani anapotaka kuoa. Sisi wa kitengoni tuko tayari kuja na rasimu.

Muuguzi wa watoto wachanga,
Mombasa