Doa linalong'aa si jibu la seli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna habari za vipimo vya sukari changamano zinavyoandikwa magazetini. Sukari hizi si zile za mezani, bali ni minyororo ya molekuli inayofunika uso wa kila seli, na ndiyo inayotofautisha damu ya kundi A na ya kundi B. Minyororo hiyo huchipua matawi, hata sukari tatu tu huweza kuunganishwa kwa njia zaidi ya 1,000, na kuzipima moja moja ni kazi isiyokwisha.

Ndiyo maana tangu mwaka 2002 watafiti wamekuwa wakipachika makumi, na baadaye mamia, ya sukari juu ya bamba dogo la kioo, kila moja kwenye doa lake. Humwagia protini iliyotiwa rangi inayong'aa, huosha, kisha husoma kwa mashine ni madoa gani yameikamata. Njia hii imesaidia sana kuchunguza ni sukari zipi hushikwa na virusi vya mafua ya ndege na zipi hushikwa na vile vya mafua ya binadamu.

Tatizo langu ni pale mwandishi anapoona doa limeng'aa akaandika kwamba seli "imeitikia". Kushikana ni jambo moja, kuitikia ni jingine. Sukari moja hushikana na protini kwa nguvu ndogo mno. Nguvu huja zinaposhikana nyingi kwa pamoja, hivyo protini inayong'ang'ania doa lililosongamana yaweza kuipita bila kuishika sukari ileile ikipachikwa kwa kuachiana nafasi. Isitoshe, juu ya seli hai sukari hazikutulia kama kwenye kioo, bali husogea pamoja na utando unaozibeba.

Anayetaka kujua mwitikio hana budi kuweka seli hai juu ya bamba, aangalie kama zinanata, zinabadili umbo au zinatoa kemikali za kupashana habari, na aache madoa yasiyo na sukari yoyote, kwa sababu seli huweza kukiitikia hata kioo chenyewe.

Kwa hiyo naomba kila habari ya aina hii ieleze mambo mawili: kilichowekwa juu ya bamba kilikuwa protini au seli hai, na ni kitu gani hasa kilichopimwa.

Msomaji wako