Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeniazima riwaya tatu

Mdogo wangu mpendwa,

Nimezimaliza riwaya zote tatu ulizoniazima, na jibu langu ninaliandika hadharani kwa sababu maneno yaliyokuumiza niliyatamka mbele za watu. Siku ya harusi ya kaka yetu, spika zilipozidi makelele ukaenda kukaa uani peke yako, shangazi zetu wakasema unaringa, nami nikaitikia. Miaka miwili baadaye uliponieleza kwamba daktari amekupima na kukuta una usonji (autism), yaani ubongo wako hupokea sauti, miguso na mazungumzo kwa namna tofauti na wengi wetu, nilikujibu kwamba wenye usonji ni watoto wasiosema, ilhali wewe una shahada na kazi.

Ndiyo maana The Heart Principle ya Helen Hoang, iliyotoka mwaka 2021, ilinichukua siku nyingi kuliko nyingine. Anna, mpiga fidla, anaambiwa ana usonji akiwa mtu mzima, na anapomweleza dada yake, dada huyo anakataa kusadiki. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, maana niliyasikia maneno yangu mwenyewe. Tangu utotoni Anna amewatazama wenzake na kuwaiga ili asikosee, na baba yao anapopatwa na kiharusi, familia inataka auguze bila kuonyesha kwamba amechoka, naye anajitahidi mpaka nguvu zinamwishia kabisa. Quan, anayempenda, hamtaki aigize chochote.

Nimejifunza pia kwa nini tulishindwa kukutambua. Daktari wa akili za watoto Leo Kanner alipochapisha makala yake kuhusu usonji nchini Marekani mwaka 1943, watoto aliowaeleza walikuwa 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Kwa miongo mingi usonji uliendelea kufikiriwa kuwa jambo la wavulana, hivyo msichana aliyejilazimisha kuwatazama watu machoni, akakariri salamu na hata mahali pa kucheka, alihesabiwa kuwa mpole, na siku aliposhindwa kuendelea akaitwa mwenye kiburi.

Katika The Kiss Quotient, riwaya nyingine ya Hoang, ya mwaka 2018, Stella ni mtaalamu wa takwimu za uchumi ambaye anamlipa Michael amfundishe mapenzi. Mwanzo huo wa kulipana sikuupenda, lakini kadiri nilivyosoma nilielewa kwamba mwanamke aliyeamini maisha yake yote kuwa kasoro ni yake, huona hata kupendwa ni mtihani wa kusomea. Hoang mwenyewe alitambuliwa kuwa na usonji mwaka 2016, na nadhani ndiyo sababu harufu, nguo na mguso vina uzito mkubwa katika hadithi yake. Ningekasirika kama riwaya hiyo ingeishia kwa Stella kuponywa na mapenzi.

Niliyoipenda kuliko zote ni Act Your Age, Eve Brown ya Talia Hibbert, mwandishi wa Uingereza ambaye naye ana usonji. Eve ni Mwingereza mweusi, mchangamfu, msemaji sana, yaani hafanani hata kidogo na picha niliyokuwa nayo kichwani. Jacob, mwenye nyumba ya wageni anakofanya kazi, anajua kwamba yeye mwenyewe ana usonji, na kwa kuishi karibu naye Eve anaanza kujitambua. Hapo hakuna mmoja anayejiona mzima na kumvumilia mwenzake kama sadaka, na nakuombea upendo wa namna hiyo, ukiutaka.

Desemba tuna harusi nyingine. Nimeshawaambia shangazi kwamba utakaa karibu na mlango, kwamba ukitoka asikufuate mtu kukuuliza umekasirikia nini, na kwamba swali la lini utaolewa lisiulizwe. Kama hutaki kuja kabisa, niandikie ujumbe tu, nitakuletea pilau nyumbani pamoja na vitabu vyako.

Dada yako