Barua ya wazi kwa wabeba boksi wa Lowell, Massachusetts

Wanangu,

Jumapili iliyopita, tulipotoka ibadani, nilimsikia mmoja wenu akimwambia mama yake kwa simu kwamba yuko ofisini. Sikumuumbua. Hata mimi miaka yangu ya mwanzo hapa niliosha vyombo hotelini huku barua za nyumbani zikisema nimepata kazi nzuri. Lakini neno lile limenikaa wiki nzima, nikaona niwasimulie habari za kinyozi mmoja wa Boston, George Lewis Ruffin.

Alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1834, katika familia ya Weusi walio huru. Uhuru wenyewe wa jina, maana sheria ya huko ilikataza hata hao kukusanyika wafundishwe kusoma. Mwaka 1853 mama yake akahamia Boston na watoto. Kijana akasoma, akashika wembe, na mwaka 1858 akamuoa Josephine St. Pierre. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua katika kesi ya Dred Scott kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi hii. Maharusi wakafungasha, wakaenda Liverpool. Hawakukaa sana. Wakarudi Boston, na Ruffin akarudi kunyoa.

Hapa tulieni kidogo. Alinyoa watu huku akijisomea vitabu vya sheria. Kutwa umesimama, miguu imevimba, nywele za watu zimekuingia shingoni, kisha usiku unafungua kitabu cha mikataba! Uchovu huo mnaujua, sina haja ya kuueleza. Akaingia Harvard, na mwaka 1869, akiwa na miaka 34, akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu katika shule yake ya sheria. Mwaka huohuo akawa wakili, na wapiga kura wa Boston wakamchagua kuingia Bunge la jimbo la Massachusetts. Mimi nashuku saluni ilimfaa kwenye siasa kuliko Harvard. Ni wapi pengine mtu atakufungulia moyo wake ilhali umemshikia wembe kooni?

Baadaye alikuwa diwani wa jiji. Mwaka 1883 Gavana Benjamin Butler akamteua kuwa hakimu wa Charlestown, sehemu ya jiji la Boston. Yule aliyehama nchi kwa sababu ya hukumu, sasa hukumu zinatoka kinywani mwake. Miaka mitatu tu. Alifariki 1886, hajafikisha 52.

Siwaambii nyote mkasome sheria, mawakili tunao. Ila wewe uliyekuwa kwenye simu, mpigie mama tena. Mwambie unabeba boksi, umwambie na unachosoma usiku. Kama usiku husomi chochote, hapo sina la kukusaidia kusema.

Jumamosi ijayo nitapanda treni ya asubuhi hadi North Station, kisha nitavuka daraja kwa miguu mpaka Charlestown. Anayetaka kufuatana nami aje. Mnaotoka zamu ya usiku, msihangaike kwenda kubadilisha nguo.

Mzee wenu